Ngozi ya Jengo: Yampasayo Mlaji Kuyajua Kuhusu Kuta za Mabamba na Vioo

Ukuta wa nje wa jengo la ghorofa ni bidhaa kama zilivyo bidhaa nyingine. Una mtengenezaji, una daraja la ubora, una cheti, na una mtu anayeulipia. Ajabu ni kwamba mtu huyo, ambaye ndiye mlaji, huulizia bei ya fleti, idadi ya vyumba, maegesho ya gari na ukubwa wa tangi la maji, kisha hutia saini bila kuuliza hata mara moja jengo limevikwa nini. Somo hili tumeliandika kwa ajili ya mnunuzi wa fleti, mpangaji wa ofisi, na mwenye jengo la zamani anayeshawishiwa kulivika mabamba ili lionekane jipya. Hatukusudii kumfanya msomaji kuwa mhandisi. Tunakusudia awe na maneno ya kumwuliza mhandisi, na ajue jibu linalotosheleza hufanana na nini.

Kilichomo katikati ya bamba

Tuanze na bamba linalong'aa, lililo kwenye majengo mengi mapya ya Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza. Mafundi wengi huliita alukobondi bila kujali limetoka kiwanda gani. Bamba hilo si alumini tupu. Kwa kawaida lina unene wa milimita 4: karatasi mbili za alumini, kila moja nusu milimita, na katikati yake kiini cha milimita 3. Jicho la mnunuzi huishia kwenye alumini, ilhali swali zima la usalama limo katika kiini.

Viini viko vya namna tatu. Cha kwanza ni poliethilini tupu, plastiki ya jamii ileile itumikayo kutengeneza ndoo na madumu ya maji. Cha pili ni poliethilini iliyochanganywa na unga wa madini, mara nyingi kiasi cha asilimia 70 ya uzito, ili kupunguza kasi ya kuungua. Cha tatu karibu chote ni madini, asilimia 90 au zaidi, na plastiki iliyomo ni kidogo ya kushikamanisha tu. Mabamba hayo matatu yakisimamishwa ukutani yakiwa na rangi moja, hakuna awezaye kuyatofautisha kwa macho. Tofauti huonekana kwenye bei, na ndiyo maana kishawishi cha kubadilisha kimoja kwa kingine ni kikubwa.

Hesabu ifuatayo kila mtu aweza kuifanya mwenyewe. Mita moja ya mraba ya bamba lenye kiini cha poliethilini tupu hubeba karibu kilo 2.8 za plastiki hiyo. Kilo moja ya poliethilini ikiungua hutoa joto lisilopungua lile la kilo moja ya petroli. Kwa hiyo kila mita ya mraba ya ukuta wa namna hiyo hubeba nishati inayokaribia ile ya lita 4 za petroli. Jengo la ghorofa kumi lenye upana wa mita 30 lina karibu mita za mraba 1,000 upande wa mbele peke yake, nazo hubeba tani 2.8 za plastiki. Hakuna ofisa awezaye kutoa kibali cha kuhifadhi lita 4,000 za petroli kwenye madirisha ya watu waliolala, lakini nishati hiyohiyo hupandishwa kwa winchi mchana kweupe kwa kuwa imefunikwa kwa alumini.

Alumini yenyewe haiwezi kuzuia. Poliethilini huyeyuka kabla joto halijafika nyuzi 140 za Selsiasi, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, ambazo moto wa chumba kimoja tu huzifikia. Kiini kikiyeyuka, karatasi mbili huachana, plastiki huanza kuchuruzika ikiwa inawaka, na matone yake huangukia balkoni za chini. Hivyo moto hupanda na kushuka kwa wakati mmoja. Vinyunyizio vya maji vilivyomo ndani ya vyumba haviufikii, kwa kuwa moto uko nje.

Nyuma ya bamba kuna jambo jingine ambalo mlaji haambiwi. Bamba halibandikwi ukutani. Hufungwa kwenye fremu nyembamba, na kati yake na ukuta hubaki mwanya wa sentimita kadhaa. Mwanya huo una faida ya kweli: maji ya mvua hutiririka na kutoka chini, na hewa inayopita hupunguza joto linaloufikia ukuta. Lakini moto ukiingia humo, mwanya huwa dohani. Hewa ya moto hupanda, huvuta hewa baridi kutoka chini, na ndimi za moto hurefuka kupita urefu wake wa kawaida. Kwa sababu hiyo wahandisi huagiza vizuizi, aghalabu vya sufi ya mawe, viwekwe kwenye usawa wa kila sakafu na kuzunguka madirisha. Vingine hubaki na upenyo mdogo wa kupitisha hewa, na huvimba na kuziba pindi joto linapopanda. Vizuizi hivi havionekani tena kazi ikishakwisha. Fundi aliyevisahau na fundi aliyeviweka huacha nyuma yao majengo mawili yanayofanana kabisa.

Yaliyotokea kwingine

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, jokofu lilishika moto katika fleti ya ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, London. Jengo hilo la ghorofa 24 lilikamilika mwaka 1974, na lilikuwa limekarabatiwa na kuvikwa mabamba yenye kiini cha poliethilini, kazi iliyokwisha mwaka 2016. Moto ulitoka dirishani, ukashika mabamba, na kabla ya nusu saa kupita ulikuwa umefika kileleni. Watu 72 walipoteza maisha. Wengi walikuwa wametii agizo la kubaki ndani ya fleti zao, agizo lililotolewa kwa imani kwamba moto wa fleti moja hautafika nyingine. Imani hiyo ni sahihi pale ambapo ukuta wa nje hauungui. Pale unapoungua, agizo hilo huwa hatari.

London haikuwa ya kwanza. Mjini Melbourne, Novemba 2014, sigara iliyoachwa kwenye balkoni ya ghorofa ya nane ilitosha kuupeleka moto hadi ghorofa ya 21 kwa muda wa dakika kumi na kidogo. Mjini Dubai, ambako Watanzania na Wakenya wengi wanafanya kazi na kupanga fleti, jengo la Torch liliungua kwa nje Februari 2015, na likaungua tena Agosti 2017.

Ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa Grenfell ilitolewa Septemba 2024. Ilisema kwamba vifo vyote vingeweza kuepukwa, na kwamba baadhi ya waliotengeneza na kuuza vifaa vya kuta walilipotosha soko kwa makusudi kuhusu matokeo ya majaribio ya moto. Tunayataja haya kwa sababu ya fundisho moja mahsusi lihusulo vyeti. Bamba lilelile likifungwa likiwa bapa kwa ribiti laweza kupata daraja fulani katika jaribio la moto, na likikunjwa kingo zake kuwa kama kasha na kutundikwa likapata daraja baya zaidi. Mwuzaji aliyeonyesha cheti cha kwanza huku akiuza umbo la pili alionyesha karatasi ya kweli isiyohusu bidhaa yake. Kwa mlaji, karatasi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa karatasi, kwa kuwa humwondolea shaka.

Tangu Desemba 2018 England imepiga marufuku vifaa vinavyoungua kwenye kuta za nje za majengo mapya ya makazi yenye urefu wa zaidi ya mita 18. Bidhaa inayofungiwa soko mahali pamoja haitoweki duniani; hutafuta soko lingine, na mara nyingi huja kwa bei nafuu. Mnunuzi wa huku akione kipunguzo hicho cha bei kuwa ni swali linalotaka kuulizwa.

Jua letu na baridi yao

Ukarabati wa Grenfell ulikusudia, pamoja na mengine, kuwapatia wakazi joto wakati wa baridi. Huko ukuta huvikwa ili joto la ndani lisitoke. Kwetu pwani jambo ni kinyume: joto liko nje na tunataka lisiingie, na sehemu yake kubwa haipiti ukutani bali hupita dirishani pamoja na mwanga wa jua. Kuiga ngozi ya jengo la nchi ya baridi ni kulipia dawa ya ugonjwa usio wetu. Nyanda za juu, kama Mbeya na Njombe, zina hesabu yake, na hatuiingizi hapa.

Chukua sebule iliyoko Dar es Salaam, yenye ukuta wa kioo unaotazama magharibi, upana mita 3 na kimo mita 2.5. Saa kumi alasiri ya siku isiyo na mawingu, kila mita ya mraba ya ukuta huo hupokea kiasi cha wati 600 za jua. Kioo cha kawaida cheupe hupitisha takriban asilimia 80 ya joto hilo. Zidisha, utapata wati 3,600. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa wati 3,500. Maana yake, alasiri hiyo kiyoyozi kizima hufanya kazi ya kuondoa joto la dirisha peke yake, kabla hakijamhudumia mtu yeyote, jokofu wala jiko. Kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban uniti moja na robo ya umeme kwa kila saa ya kazi hiyo. Saa tatu kila siku kwa mwezi mzima hufikia uniti 110 hivi za LUKU. Msomaji azidishe kwa bei anayolipa.

Kuna njia mbili za kupunguza. Ya kwanza ni kioo chenye utando wa kuzuia joto la jua. Aina zake nzuri, hasa zile za tabaka mbili, hupitisha asilimia 30 ya joto au pungufu, na bado chumba hupata mwanga. Muulize mwuzaji kiwango cha joto la jua kinachopenya, akujibu kwa namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa kioo. Asiyeweza kukujibu kwa namba anakuuzia rangi tu. Kioo cheusi au cha buluu hupunguza mwanga kuliko kinavyopunguza joto, nacho chenyewe hupata moto na kuuhamishia chumbani.

Njia ya pili ni kivuli, na kwa maoni yetu ndiyo iliyostahili kuwa ya kwanza. Jua likizuiwa kabla ya kukigusa kioo, joto lake hubaki nje. Pazia la ndani haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa joto limeshaingia chumbani ndipo linapokutana na pazia. Hapa jiografia inatupendelea. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima, na kwa sababu hiyo kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi. Kwa dirisha la kimo cha mita 1.5 linalotazama kaskazini, kibaraza cha zege kinachotokeza sentimita 90 hulitia kivulini adhuhuri ya Juni, wakati jua limeelekea kaskazini kabisa. Upande wa kusini sentimita 45 hadi 50 zatosha kwa adhuhuri ya Desemba. Mashariki na magharibi ndiko kwenye tabu, kwa kuwa jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini na kupita chini ya kibaraza chochote. Huko panahitaji madirisha madogo, vibao vya wima, au ukuta wa matofali yenye matundu.

Wahenga wa pwani hawakuhitaji hesabu hizi kuandikwa. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, chokaa nyeupe iliyozipaka, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitia nyingine kivuli, vyote vilijibu jua hilihili. Hata majengo mengi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1950 na 1960 yana vibao vya zege na matofali ya matundu mbele ya madirisha. Tumeona baadhi yake yakifunikwa kwa mabamba na vioo kwa jina la kuyafanya ya kisasa. Mwenye jengo hulipa fedha kuondoa kivuli, kisha hulipa umeme kukifidia. Zege na tofali, zaidi ya hayo, haviungui.

Vioo na vishikizo

Kioo kikubwa kilichoko juu ya njia ya watu huuliza swali la pekee: kikivunjika, vipande vyake huenda wapi? Kioo kilichotiwa nguvu kwa joto huvunjika kuwa chembe ndogo zisizo na makali marefu, lakini chembe hizo huanguka zote. Mara chache chaweza kupasuka chenyewe bila kuguswa, kutokana na punje ndogo ya nikeli salfaidi iliyobaki ndani yake kiwandani. Viwanda makini hukipasha moto kwa mara nyingine ili kile chenye kasoro kipasukie hukohuko. Kioo cha matabaka, chenye utando wa plastiki katikati, kikivunjika hubaki kimeng'ang'ania. Kwa kingo za balkoni na kwa paa la kioo juu ya mlango, tunamshauri mlaji asikubali kingine.

Chumvi ya bahari nayo ni adui asiyeonekana haraka. Alumini ikifungwa moja kwa moja kwa skrubu za chuma cha kawaida mahali penye unyevu wa chumvi, metali hizo mbili hulana, na kishikizo huisha kabla ya bamba. Jengo la Tanga, Unguja au Masaki linahitaji vishikizo vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na ukaguzi wa kila mwaka wa silikoni kwenye maungio. Gharama ya ukaguzi huo iulizwe kabla ya kununua, maana italipwa na wakazi kupitia ada ya huduma.

Karatasi za kudai

Kabla ya kutia saini, mwombe mwuzaji au mwendelezaji nakala ya cheti cha jaribio la moto la mfumo wa ukuta. Vyeti vingi hutumia madaraja ya Ulaya, kuanzia A1 hadi F. Kwa jengo refu la makazi tafuta A2-s1,d0 au bora zaidi: herufi ya kwanza hueleza jinsi kifaa kinavyochangia moto, s hueleza moshi, na d hueleza matone yanayowaka. Neno “hakishiki moto” lisilo na daraja halina thamani yoyote. Linganisha jina la bidhaa, unene na namna ya ufungaji vilivyoandikwa kwenye cheti na vile vilivyoandikwa kwenye hati ya kupokelea mzigo. Vikitofautiana, cheti hicho si cha jengo lako.

Dai pia picha za vizuizi vya moto zilizopigwa kabla mabamba hayajafungwa, zikionyesha ghorofa na tarehe. Mkandarasi aliyeviweka huwa nazo, kwa kuwa mhandisi wake alizihitaji. Majina ya mbunifu majengo, mhandisi na mkandarasi yaulizwe kwenye bodi zao za usajili. Ubao uliosimamishwa mbele ya eneo la ujenzi hautoshi.

Kama jengo limekwisha kuvikwa na karatasi hazipo, kipande kilichokatwa pembeni kipelekwe maabara. Rangi ya kiini si ushahidi. Wako mafundi wanaojaribu kwa kiberiti, nasi twatoa tahadhari: kipande kikiwaka na kudondosha matone ya moto, umeshajibiwa, kisipowaka, bado hujajibiwa, kwa kuwa moto wa kiberiti si moto wa jengo.

Kwa aliyekwisha kuhamia

Mkazi wa jengo lililovikwa mabamba asiyoyajua anayo mambo ya kufanya leo. Balkoni isiwe ghala la magodoro, maboksi na mitungi ya gesi, wala jiko la mkaa lisiwashwe hapo. Moto wa Melbourne ulianzia mahali pa namna hiyo. Vipozeo vya viyoyozi vilivyofungwa juu ya mabamba vikaguliwe nyaya zake. Wakazi waungane kumwandikia msimamizi wa jengo barua moja wakidai karatasi tulizozitaja, na nakala ipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo kwa mujibu wa sheria yake ya mwaka 2007 lina jukumu la ukaguzi wa kinga na tahadhari ya moto. Barua ya wengi huacha kumbukumbu ambayo malalamiko ya mdomo hayaachi. Hadi jibu lipatikane, wakazi wakubaliane kwamba moto wowote unaoonekana nje ya dirisha maana yake ni kutoka mara moja kwa ngazi, si kusubiri ndani, na ngazi hizo zisifungwe kwa kufuli wala kuwekwa vitu.

Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga ataje mtaa, idadi ya ghorofa za jengo na ghorofa inayowaka, na aseme wazi kama moto uko ndani ya chumba au umeshashika ukuta wa nje.